Chembe cha Moyo

Daktari wa chumba cha mwisho hamgusi mgonjwa kabla ya kusugua viganja vyake mpaka vipate joto, na hakubali kuelezwa maumivu kwa maneno matupu. "Onyesha kwa kidole, baba," humwambia kila mtu. Fundi cherehani aliyeingia na mkewe siku hiyo alikuwa ameshakata tamaa. Wiki nzima alimlalamikia mkewe kwamba moyo unamwaka moto. Daktari aliusikiliza moyo kwanza, akaridhika. Kidole cha fundi kikatua katikati, chini kidogo ya mbavu.

"Hapo ni chembe cha moyo, baba, si moyo. Linalowaka ni tumbo. Na huo mgongo wa kuinamia cherehani, unautuliza kwa dawa gani?"

"Vidonge vya maumivu tu, dokta. Nikiamka nameza, chai baadaye."

Daktari akaacha kutabasamu. "Choo cheusi kama lami umekiona?"

"Hapana."

"Basi tumewahi. Vidonge hivyo huchoma tumbo tupu; viache leo, tukupime vidonda vya tumbo. Ukikiona choo hicho, ni damu ya tumboni, njoo mbio."

Mke akashika kichwa. "Yarabi! Na mimi nimeshawaita ndugu zake wote waje kumuaga!"

"Waje tu, mama," daktari akasema. "Wapikie. Ila huyu ale wa kwanza."