Damu yangu mu chupa

Leo mama yangu ameona damu yangu ikifanya kazi bila mimi.

Alifika ku labo yetu ya Walikale toka Kibabi, na kasirani. Alisikia nilitoa damu ya kujaribia, daktari wetu akaiweka mu frigo.

"Uliacha damu yako ikufe mu chupa?"

Nikamueleza polepole. Mu baridi, chumvi iliingia ndani ya chembe za damu. Jana tulichoma tone la chembe hizo, moto ukageuka manjano kabisa, njo rangi ya chumvi.

Leo tuliipasha damu joto pamoja na sukari ya kuzipa chembe nguvu, tukachoma tone lingine la chembe mbele yake. Manjano ikafifia.

"Chembe zenyewe njo zimesukuma chumvi inje, Mama."

Akautazama ule moto kama muntu anayeota.

"Kumbe iko muzima."

Akakunja mukono wa nguo mpaka ku kiwiko. "Toa na yangu."

Nilishika sindano, nikairudisha ku meza. Wenzangu, nyinyi mungeweza kumutoboa mama yenu?