Jina Ndani ya Mishale

Kabla hujaniambia kwamba niliota, jua kwamba ilikuwa saa nane mchana, jua la Isevya, hapa Tabora mjini, linawaka na mimi nina kikombe cha chai mkononi. Sikuwa mgonjwa. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, na ukibisha nitakuonyesha karatasi. Ninayo mpaka leo.

Nina duka la stesheneri, natoa fotokopi na kuchapa barua. Pembeni, kwa mapenzi tu, nilianzisha tovuti ya watu wa Tabora. Habari za mvua, bei ya tumbaku, harusi, misiba, nani kapotelewa na ng'ombe. Chini ya kila habari watu waliandika maoni, na niliwaachia wayapambe maneno yao watakavyo. Niamini, watu hawafai kupewa uhuru huo. Mmoja aliandika kwa herufi nyekundu kubwa kama bango la mganga. Mwingine akayafanya maneno yake yatembee kutoka upande huu kwenda ule. Wa tatu alifungua mstari wa kukata maneno, asiufunge, basi ukurasa wote chini yake ukaonekana umekatwa, hadi tangazo la msiba wa watu.

Nilikasirika, nikaweka chujio. Kurasa za mtandao zina lugha yake, na maagizo ya lugha hiyo huandikwa ndani ya alama mbili za kibodi ambazo mimi naziita mishale, mmoja unatazama kushoto na mwingine kulia. Nikaruhusu agizo moja tu, la wino mzito. Kingine chochote kitakachowekwa ndani ya mishale, chujio linakimeza kimyakimya na msomaji haoni kitu. Kisha nikabandika maelekezo juu ya ukurasa, kwa haraka, nikiwa na njaa: "Neno unalotaka lionekane kwa wino mzito, liweke ndani ya mishale."

Umeliona kosa? Mimi sikuliona. Nilipaswa kusema kwamba ndani ya mishale inakaa herufi ya agizo, na neno lenyewe linakaa nje. Wanaojua mambo hayo walielewa. Lakini kulikuwa na bibi mmoja wa Kigwa, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na mwalimu wa zamani akipewa maelekezo anayafuata neno kwa neno.

Bibi huyo alikuwa anarudi kutoka Dodoma kwa treni na mjukuu wake, mtoto wa kike wa miaka saba, anayesikia vizuri ila hasemi. Treni iliposimama Goweko watu wakashuka kununua asali na karanga, mtoto naye akashuka katikati ya watu, bibi kasinzia. Alipozinduka treni ilishaondoka. Alitangaza stesheni, akatangaza kanisani, mwisho akaja kutangaza kwangu. Picha sikuruhusu, kwa sababu zinajaza nafasi. Namba za simu nilizizuia kwa ajili ya matapeli. Alibaki na maneno peke yake, na jina la mtoto alitaka lionekane kwa wino mzito, basi akaliweka ndani ya mishale kama nilivyoagiza.

Watu wakasoma hivi: "Namtafuta mjukuu wangu anayeitwa , hasemi, ila ukimwita kwa jina lake atageuka."

Wakacheka. Mmoja akauliza kama bibi anatafuta upepo. Na mimi, tena bila aibu, nikaandika kwamba kumbe mjukuu anaitwa Mkato. Kuanzia hapo mtandao mzima ukamwita Bibi Mkato. Kwenye simu yake mwenyewe maandishi yake yalionekana kamili, hakujua wengine wanaona pengo, basi kila akijieleza upya, jina linamezwa upya, na vicheko vinaongezeka.

Sasa sikiliza, hapa ndipo pabaya. Upande wa nyuma wa tovuti, anaouona mwenyewe tu, jina lilikuwa wazi kabisa. Kabula. Nililiona siku ya kwanza. Kulirekebisha ni kazi ya kufumba na kufumbua. Sikulirekebisha, kwa sababu wiki ile wageni walijaa kwenye tovuti kuliko siku zote, na nilifurahia. Nilijiambia kesho.

Siku ya tatu mkulima mmoja wa Goweko akaandika kwamba kuna mtoto wa kike analala kwenye bani lake la kukaushia tumbaku, hasemi, na amejaribu kumwita majina yote anayoyajua lakini hageuki. "Nitajie jina," akamwandikia bibi. "Nikimwita akageuka, ni wako, njoo umchukue."

Bibi akajibu. Chujio likameza. Mkulima akauliza tena, bibi akajibu tena, pengo. Mara ya tatu mkulima akaandika kwamba mtu asiyejua jina la mtoto wake ni mwizi wa watoto, akakataa kusema shamba lake liko wapi, akaacha kumjibu. Mimi nilikuwa nayasoma yote hayo huku nakula muhogo wa kuchoma. Je, nilicheka? Nilicheka.

Mtoto alikuwa na tabia ya kutoka kwenye bani kwenda kukaa karibu na reli. Siku moja hakurudi. Walimkuta porini baada ya mvua kubwa, hakuwa hai. Habari hiyo ililetwa na mkulima mwenyewe, kwenye ukurasa uleule, na hakuna aliyeandika maoni chini yake.

Siku chache baadaye, saa nane hiyo niliyokwambia, akaingia mwanamke mzee dukani. Kanga safi, viatu vya plastiki, mgongo umenyooka. Sikuwahi kumwona. Nikampa shikamoo. Hakuitikia. Hapa kwetu mzee anaweza kukutukana, lakini kwanza ataitikia shikamoo yako. Yangu ilibaki hewani, na mimi nikabaki nimeinamisha kichwa kama mjinga.

Akaomba nimchapie jina moja kwa wino mzito. Kabula, akasema. Akina Kabula ni wengi Unyamwezini, nikajipa moyo. Nikaandika, nikaliona kwenye kioo cha kompyuta, nikachapa. Karatasi ikatoka nyeupe. Nikatingisha wino, nikachapa tena. Nyeupe. Yeye alinitazama tu, kwa uvumilivu, jinsi mwalimu anavyomtazama mtoto aliyeshindwa ubaoni.

"Wewe wanakuitaje hapa mtaani?" akaniuliza.

Unajua tulivyo. Ukishazaa, jina lako linakwisha kazi, unaitwa kwa jina la mtoto. Nami nikamtajia, Baba wa nani, kama mtaa wote unavyoniita. Nilimtajia jina la binti yangu kwa kinywa changu mwenyewe. Akachukua peni ya mezani, akaliandika kwenye ile karatasi nyeupe kwa mwandiko wa darasani, uliosimama wima, kisha akaweka mshale kushoto na mshale kulia.

"Nimefuata maelekezo," akasema. Akageuka, na alipofika mlangoni akasema, "Marahaba."

Nilitoka mbio. Fundi cherehani anayekaa barazani kwangu aliniuliza ninamkimbilia nani. Hakuna aliyeingia, akasema, na mbona nilikuwa nasema peke yangu? Kesho yake akaja mteja kutoka Kigwa kutoa nakala za ratiba ya ibada ya kumaliza msiba. Juu ya ratiba kulikuwa na picha. Kanga ileile, mgongo uleule. Alikuwa amezikwa kabla hajaja dukani kwangu, kando ya kaburi la mjukuu.

Nilifungua ule ukurasa. Jina la Kabula limesimama kila mahali, kwa wino mzito, na chujio bado lipo, sijaligusa. Nikaitazama karatasi ya bibi. Ina mishale miwili. Katikati hamna kitu.

Jioni nilifika nyumbani nikataka kumwita binti yangu, nikafungua mdomo, jina halikuja. Mke wangu naye hivyohivyo, alilia mpaka akapoteza sauti. Shuleni mwalimu anamruka, mstari wake kwenye daftari la mahudhurio ni mtupu. Mtaani wananiita "Baba," halafu wanasimama, wanaona aibu, wananiomba peni. Tulijaribu kumpa jina jingine. Haligeukii. Siku hizi hata ukimshika bega anachelewa kugeuka, na jana aliniuliza, taratibu kabisa, "Baba, mimi naitwa nani?"

Nilimkosea bibi yule, na anayelipa ni mtoto wa miaka sita. Hilo ndilo linaloniua.

Kwa hiyo ukikuta pengo kwenye maneno ya mtu, usicheke. Uliza hapo palikuwa na nini, tena uliza siku hiyohiyo. Na ukipita Isevya ukamwona mtoto wa kike amesimama mlangoni pa duka la stesheneri, nakuomba, mjaribu kwa majina yote unayoyajua. Sisi tulimpa jina zuri sana. Anaitwa .