Barua za Ndinda kwa Jembe Jipya

Ndinda alikata mkonge karibu na Gatuanyaga, na katika kambi nzima ya wafanyakazi ndiye mwanamke pekee aliyejua kusoma. Jarida la Jembe Jipya lilipofika kutoka Ruiru kila mwezi, watu walikusanyika awasomee. Lilikuwa na kurasa kumi na mbili tu, zimeshonwa kwa uzi, lakini lilisema waziwazi kwamba ardhi ilinyang'anywa na kwamba mfanyakazi anaweza kugoma. Mwaka wa 1951 kambi iligoma siku tatu, na nyapara aliyezoea kuwachapa watu akaondolewa.

Muigai, mhariri wa jarida, alimwomba Ndinda amwandikie habari za kambi. Aliandika, na chini akaweka majina ya wanaume tisa waliokubali. Wa kwanza alikuwa jirani yake, Munyao.

"Usiogope," Muigai alimwambia. "Nikishasoma, nachoma."

Mwaka uliofuata hali ya hatari ilitangazwa na jarida likapigwa marufuku. Muda si muda, askari waliwachukua wote tisa, na Ndinda pia. Ofisa aliweka mezani barua zake, safi kama siku alipozituma.

Ndinda aliachiliwa baada ya mwaka mmoja. Wanaume walibaki kizuizini, kwa hiyo kambi iliamua kwamba ndiye aliyewauza. Kalondu, mke wa Munyao, aliacha kumsalimia.

Mwaka wa 1956 Ndinda alisikia kwamba Muigai ni karani wa chifu. Alimfuata Ruiru.

"Uliniambia unachoma."

"Niliziweka. Nilitaka siku moja niandike kitabu juu yetu."

"Halafu ukawapa askari."

"Waliponikamata walisema nikiwapa nitarudi kwangu." Muigai aliangalia mlango. "Dada, tafadhali. Usiniharibie kazi."

Ndinda alirudi akamweleza Kalondu kila kitu.

"Na majina aliandika nani?" Kalondu aliuliza.

Munyao alirudi mwaka wa 1959, kifua kimeharibika. Ndinda alimpelekea maziwa, akamsimulia yote akiwa amesimama.

"Nilijua ni Muigai," Munyao alisema. "Huko ndani nilimsikia akiwasomea askari majina yetu, moja moja. Ile sauti naijua. Keti."

Aliketi. Kalondu alileta chai, akaiweka mbele ya mumewe peke yake, akatoka. Munyao alimsogezea Ndinda kikombe.

"Ukinywa uniachie kidogo," alisema.