Damiano Akatazwa Kuchekesha

Pale Kidete, miaka ile watu walipokuwa wakihamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa, Damiano alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza alilipwa: alikuwa mtu wa genge la reli, anayepita njia ya treni na nyundo begani akikaza palipolegea. Ya pili hakulipwa na mtu, lakini ndiyo iliyomfanya ajulikane. Alikuwa mchekeshaji.

Si kwamba alikuwa na hadithi ndefu. Alikuwa na uso wake tu, pamoja na sauti za watu wengine. Akimwiga stesheni masta Melkizedek akitangaza kwamba treni imechelewa, abiria waliokuwa wakinung'unika walisahau kunung'unika. Kwenye mikutano ya kijiji, mwenyekiti Kornelio alimkalisha mstari wa mbele. Wageni walidhani ni heshima. Kornelio alitaka tu kumwona vizuri, ajue kinachoendelea usoni mwake.

Mtu ambaye Damiano alipenda kumchekesha kuliko wote alikuwa binti yake Ida, mtoto wa miaka minne. Damiano akirudi kazini, Ida alimngoja mlangoni, akaipokea ile nyundo ambayo hakuweza kuinyanyua, kisha akadai haki yake.

"Baba, fanya ng'ombe mwenye chafya."

Ng'ombe akapiga chafya, na Ida akacheka mpaka akakaa chini.

Tatizo lilikuwa hapo. Kicheko cha Ida hakikuisha kama vicheko vya watoto wengine. Kiligeuka kikohozi, na kikohozi kikimaliza kazi yake kifua kilianza kulia, mluzi mwembamba kama wa birika linalokaribia kuchemka. Akitulia kidogo, mluzi ulikwisha. Alfajiri ulirudi. Kikohozi cha Ida kilimwamsha jogoo aliyelala na kuku wenzake chini ya kitanda, jogoo akaiamsha nyumba nzima kabla ya wakati.

"Ni mafua," alisema Fausta, mkewe Damiano, mwezi wa kwanza. Mwezi wa tatu aliacha kusema hivyo. Mafua gani hayana kamasi wala homa, na hayaishi?

Bibi Raheli, mama yake Damiano, aliishi nao, na alikuwa na majibu yake. Kwanza alimfukiza mjukuu kwa majani chini ya blanketi. Ida alitoka humo akihema vibaya kuliko alivyoingia, na Fausta, ambaye kwa kawaida hakumbishia mkwewe, alikusanya yale majani akayatupa nje. Bibi akafikiri siku mbili, akaja na jibu la pili.

"Damiano, mwanangu, ni wewe."

"Mimi nimefanya nini, mama?"

"Mtoto ana kifua kidogo. Wewe unakijaza kicheko kikubwa kuliko chombo. Kuanzia leo hakuna kuchekesha ndani ya nyumba hii."

Damiano alimtazama mkewe. Fausta aliinamisha macho. Naye alikuwa ameona kwamba kikohozi kinafuata kicheko.

Basi Damiano akawa mtu wa makini. Siku ya kwanza aliingia nyumbani na uso uliokazwa kama wa mtu anayekwenda kuzika. Ida alimtazama, akafikiri ni mchezo mpya, akacheka zaidi ya siku zote. Siku ya pili Damiano aliingia kinyumenyume ili mtoto asimwone uso, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Ikabidi ale akiwa ameelekea ukutani. Kazini wenzake walimwuliza amefiwa na nani. Kwenye mkutano wa kijiji Kornelio alimaliza hotuba nzima bila watu kucheka, kisha akamwita pembeni.

"Ndugu Damiano, unaumwa?"

"Siumwi, mwenyekiti."

"Basi usinitazame hivyo. Unanitisha."

Na bado Ida alikohoa alfajiri, jogoo akaamka.

Wiki chache baadaye ilikuwa siku ya kupiga mahindi ya shamba la kijiji. Wanaume walirundika mahindi juu ya kichanja wakayapiga kwa fimbo, na vumbi jekundu likapanda mpaka huwezi kumtambua jirani yako. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alikuwa amewagombeza tangu asubuhi kwa kuchelewa. Ida alikuwa ameketi na wanawake waliokuwa wakipepeta, kimya, akila kipande cha muwa.

Fausta aliona kwanza muwa umeanguka. Kisha akaona mabega ya mtoto yamepanda. Ida aliinama mbele, mikono juu ya magoti, pua zikitanuka, na kila akivuta pumzi ngozi katikati ya mbavu ilizama ndani.

"Ida, unataka maji?"

"Na...," alisema Ida, akavuta pumzi. "Nata..."

Hakuweza kufika mwisho wa neno.

Bibi Raheli alitandika kanga amlaze. Ida alijisukuma akainuka. Akamlaza tena, akainuka tena.

"Mama, naomba umwache akae," alisema Fausta. "Akikaa anapata pumzi."

Damiano alitupa fimbo akaja, akambeba mtoto wima kifuani na kuanza kukimbia kuelekea stesheni, Fausta nyuma yake. Hospitali ilikuwa Kilosa. Treni ya abiria ilikuwa bado sana, lakini treni ya mizigo ilikuwa imesimama pale ikisubiri njia, kichwa chake kimeelekea huko huko Kilosa. Wa kutoa ruhusa ya kupanda behewa la gadi, msimamizi wa treni, alikuwa mtu mmoja tu: Melkizedek, yule ambaye sauti yake Damiano alikuwa ameitumia bure kwa miaka sita.

Melkizedek alisimama mlangoni pa ofisi, kofia kichwani.

"Leo umekuja kuchukua nini tena?" aliuliza. "Sauti umeshachukua. Mwendo wangu nimesikia unao. Imebaki kofia?"

Damiano alimgeuza mtoto kidogo ili aonekane. Melkizedek aliusikia ule mluzi, akazitazama zile mbavu, akashuka ngazi haraka kuliko mtu yeyote alivyowahi kumwona akishuka.

"Gadi," aliita. "Hawa watatu unao mpaka Kilosa. Ukifika, usingoje kuandika chochote, waonyeshe njia ya hospitali."

Ndani ya behewa Fausta alimpakata Ida akiwa amekaa, kichwa kimeegemea mbele, mlango umeachwa wazi hewa iingie. Mto Mkondoa ulipita upande mmoja, ukapotea, ukarudi. Damiano alichuchumaa mbele ya mwanawe akihesabu pumzi zake bila kujua anahesabu mpaka ngapi. Baadaye alisema hakuwahi kujua kwamba reli ile, ambayo ameikaza kwa mikono yake, ni ndefu namna hiyo.

Hospitalini walipokelewa na mganga aitwaye Onesphory, mtu mwembamba, mpole, mwenye tabia ya kusubiri jibu mpaka lije. Hakuuliza chochote kwanza. Alimkalisha Ida wima, akamchoma sindano, akamwekea kile chombo cha kusikilizia kifuani, akangoja. Polepole mabega yakashuka. Ida akaomba maji, na safari hii neno lilifika mwisho.

Ndipo Onesphory akaanza kuuliza. Anakohoa wakati gani? Alfajiri. Na akikimbia? Ndiyo. Kuna homa? Hapana. Ngozi yake je? Fausta akasema mtoto hujikuna kwenye viwiko na nyuma ya magoti mpaka panatoka upele. Katika ukoo kuna mwenye kifua? Damiano akamkumbuka kaka wa Bibi Raheli, ambaye watu walimwita mvivu kwa sababu kila akishika jembe alikaa chini kuhema.

"Nashuku ni pumu," alisema Onesphory. "Kwa mtoto mdogo hivi siwezi kuapa. Wapo ambao kifua hulia wakipata mafua tu, na wakikua inakwisha. Lakini huyu inamrudia bila homa, na dawa imemfungua. Tutamtunza kama mwenye pumu, tukiendelea kumwangalia."

Damiano alikohoa kidogo. "Mganga, niseme ukweli. Mimi ndiye niliyemletea. Huwa namchekesha."

Onesphory alimgeukia. "Unamchekesha vipi?"

"Ng'ombe," alisema Damiano kwa huzuni. "Na wengine."

Mganga aligeuka dirishani, akakaa hivyo kidogo, kisha akarudi na uso wa kazi.

"Njia za hewa za mtoto wako zimevimba kwa ndani, zimekuwa nyembamba. Akicheka, akikimbia, hata akilia, anavuta hewa nyingi kwa haraka, na hewa inapiga mluzi. Kicheko kimekuonyesha ugonjwa, hakikuuleta. Leo alikuwa anacheka?"

"Hapana. Alikuwa kwenye vumbi la mahindi."

"Haya. Na chumbani kwake analala na nani?"

"Na kuku," alisema Fausta.

Asubuhi ya pili Onesphory alipita wodini, akamsikiliza Ida, akamgeukia Damiano. "Mchekeshe, nisikie kifua kikifanya kazi."

Akina mama wote wodini wakageuka. Damiano alisimama katikati ya vitanda. Alikuwa hajachekesha mtu kwa wiki kadhaa, na kila kitu kilikuwa kimemtoka. Akamleta ng'ombe. Ng'ombe akaja kama mnyama anayekata roho, na mama mmoja akasema, "Pole, baba."

"Siyo hivyo, baba," alisema Ida. Akasimama juu ya kitanda, akakunja pua, akapiga chafya ya ng'ombe kamili, na mkia ukimo. Damiano ndiye aliyecheka kwanza, na wodi nzima ikamfuata, Ida akiwa juu yao wote. Onesphory alikuwa ameinama na chombo chake kifuani mwa Ida.

"Mluzi bado upo," alisema. "Ni mdogo. Mtaenda nyumbani."

Walirudi na vidonge, ambavyo Ida angepewa kipande mara kifua kinapoanza, na maneno ambayo Fausta aliyarudia njia nzima asiyasahau: akianza, akae wima apewe dawa; dawa isipomfungua, au akishindwa kusema, au mbavu zikizama, au midomo ikibadilika rangi, aletwe bila kungoja.

Onesphory alikuwa amekataza moshi na kuku ndani ya nyumba, basi jiko likahamia nje. Bibi Raheli, aliyevuta kiko, alisusa siku nzima alipoambiwa akavutie kwa jirani, mpaka Damiano alipomwambia habari za kaka yake. "Kumbe hakuwa mvivu," alisema, akachukua kiko chake akatoka.

Wakabaki kuku. Damiano aliwajengea banda juu ya nguzo ili kicheche asiwafikie, lakini hawakutaka kuhama. Jioni moja alisimama juu ya kinu, mikono nyuma, na kwa sauti ya mwenyekiti Kornelio akawahutubia.

"Ndugu kuku, mmeishi kwa kutawanyika chini ya vitanda vya watu. Serikali ya nyumba hii imewatengea makazi ya pamoja. Huko mtapata maji, mtapata shule..."

Alisita, kwa sababu Fausta alikuwa ameacha kucheka. Kornelio mwenyewe alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, na haikujulikana tangu lini. Maneno kama hayo, mwaka ule, yangeweza kumpeleka mtu pabaya.

Mwenyekiti alilizunguka lile banda. Alitikisa nguzo moja.

"Maji umeshaweka?" aliuliza.

"Bado, mwenyekiti."

"Weka kwanza maji, ndipo uhutubie," alisema Kornelio. "Mimi najua." Kisha akamkamata jogoo kwa miguu yote miwili, akamtia bandani kwa mkono wake.

Ida hakupona mara moja. Kifua kilimshika tena msimu wa baridi, akapewa dawa akiwa amekaa, ikatosha. Mwaka uliofuata haikutosha, na Melkizedek akawapandisha treni tena, bila maswali. Lakini alfajiri nyingi zilipita kimya. Akina mama walianza kumletea Fausta watoto awasikilize. Mmoja alileta mtoto wa mwili moto, anayepumua mbio na kukataa ziwa. "Huyu si kama Ida," alisema Fausta. "Huyu ana homa, mpeleke leo hii." Hospitalini alikutwa na nimonia, na alipona.

Ida alipoanza shule, Damiano alikwenda kwa mwalimu Costancia kumweleza habari za mchakamchaka wa asubuhi. Mwalimu alitaka kumwachia kabisa asikimbie. Ida mwenyewe alikataa. Alikimbia na wenzake mpaka kifua kilipoanza kumwambia basi, akaketi kando ya njia, akawangoja wazunguke uwanja, na walipofika akaingia nyuma ya mstari akiitikia wimbo kwa sauti kubwa.