Pistoni Jikoni, Overport

Wenzangu, leo nusura niunguze nyumba nikiwa upande wa haki.

Mvua ilikuwa ikinyesha hapa Overport, hivyo pistoni ya pikipiki yangu nikaiingiza jikoni na kuiloweka katika beseni la petroli.

Kaboni iliyoganda kwenye pistoni haikwanguliwi kwa kisu. Alumini ni laini, itachimbika. Unailoweka, kisha unaisugua kwa mswaki mkuukuu. Anayepinga msimamo huu aandike hapa chini.

Mahali, nakiri, palihitaji mjadala zaidi.

Akaingia Mama Béa, Mkongomani tunayeishi naye nyumba moja, na sufuria ya maji ya fufu, ugali wa kwao. Akachukua kiberiti.

Nikainua mkono.

“Mama! Humu ndani leo hamuwashwi moto!”

Hakushtuka. Mwezi huu nimeshaitisha migomo miwili dhidi ya mwenye nyumba na mmoja dhidi ya bei ya gesi.

“Eish, camarade. Leo tunagomea fufu?”

“Mama, hatari kubwa kuliko zote ni ile isiyoonekana kwa macho, ile ambayo—”

“Sawa, papa. Amandla!” Akatoa njiti.

“Awethu!” nikajibu, kwa mazoea ya maandamano.

Hapo ndipo nikaacha kuhutubia. Nikalinyakua beseni, nikatoka nalo mbio hadi uani, mvuani.

Mama Béa akanusa hewa, akaweka kiberiti chini, akafungua dirisha.

“We! Kumbe iko petroli? Mbona haukusema?”

Nikamweleza kwamba petroli ilikuwa katika aya ya pili ya hotuba yangu.