Samadi ya zawadi iliyokausha rasiberi za Maguu

Saa moja asubuhi, kijiji cha Maguu bado kimefunikwa na ukungu. Nyuma ya nyumba ya matofali ya kuchoma, Gertruda Kinunda amepiga magoti kwenye udongo uliolowa, kanga ameikaza kiunoni, mkono wa kushoto umeshika kopo la samadi iliyooza ikawa nyeusi.

Haimwagi. Anaitoa kwa vidole, akilizunguka kila shina kwa umbali wa shibiri moja, kisha anaifukia kidogo kwa kiganja na kuweka nyasi kavu juu yake.

"Ikigusa shina, inaunguza," anasema bila kuinua macho. "Rasiberi mizizi yake iko juu juu. Haitaki jembe, haitaki pupa."

Samadi hiyo hakuipokea jana. Kwa wiki tatu aliijaribu kwa kuotesha maharage kwenye makopo sita yaliyopangwa ukutani, akiyakagua kila siku, jani kwa jani. Majirani wanaopita humtania kwamba Mama Salvatory sasa analima kwenye makopo.

"Wacha wacheke," anasema. "Kilichonipata mimi kikikupata wewe, hata maji ya kunywa utayapima."

Gertruda ana miaka 57. Kwa miaka 19 alikuwa mpishi katika nyumba moja ya masista. Alipoacha kazi, sista aliyekuwa akitunza bustani alimpa machipukizi matano yaliyofungwa kwenye gunia bichi. Ndiyo maana hapa kijijini matunda hayo mekundu, yenye mashina ya miiba, wengi wanayaita matunda ya masista.

Mumewe, Sixbert, mkulima wa kahawa, alicheka. Mke wake anapanda miiba! Lakini miaka ilivyokwenda, machipukizi matano yakawa mashina 86. Matunda mabichi yalipanda basi kwenda Songea, na yaliyobaki aliyapika jamu kwa ajili ya nyumba ya wageni kule Mbamba Bay. Msimu mzuri ulimwingizia kama Sh900,000, na mwaka mmoja bei ya kahawa ilipoanguka, bustani hiyo ndiyo iliyolisha nyumba.

Samadi yote ilitoka kwa mtu mmoja, Edina Nchimbi, anayeishi ng'ambo ya kijito na kufuga ng'ombe watatu wa maziwa. Hakuwahi kumtoza hata senti.

Sababu yake inajulikana kijiji kizima. Miaka sita iliyopita Edina alifanyiwa upasuaji, na aliyelala sakafuni kando ya kitanda chake cha hospitali kwa siku kumi na moja alikuwa Gertruda. Si dada yake, si wifi yake. Ni mwanajumuiya mwenzake wa kanisani tu.

Novemba mwaka jana, mvua za kwanza zilipoanza, Edina alivuka kijito na toroli, akarudi, akavuka tena. Magunia kumi na mawili.

"Mama Salvatory, hii ndiyo iliyoiva vizuri," Gertruda anakumbuka akiambiwa. "Mimi nimebakiza kidogo ya mahindi ya pale nyumbani. Nyingine weka kwenye matunda yako."

Aliiweka siku hiyohiyo, kwa mikono yake, shina kwa shina.

Siku ya kumi na sita alitoka na ndoo ya maji akakuta ncha za machipukizi zimepinda zikitazama chini. Majani machanga yalikuwa yamejikunja kama vikombe, mengine yamekuwa membamba kama nyuzi. Alidhani ni kiu, akamwagilia. Alidhani ni wadudu, akageuza jani baada ya jani akitafuta yai au utando. Hakuona kitu.

Kesho yake hali ilikuwa mbaya zaidi, na siku iliyofuata ikazidi. Kufikia katikati ya Desemba, mashina 71 kati ya 86 yalikuwa yamekauka.

"Nilisimama pale nikasahau kama nina miguu," anasema. "Sixbert aliniita mara tatu, sikumsikia. Nilikuwa nimezaa watoto wanne, lakini bustani ile niliilea peke yangu. Na niliiua kwa mikono hii, nikiilisha."

Kisha akainua macho, akatazama ng'ambo ya kijito.

Mahindi ya Edina yalikuwa ya kijani kibichi, marefu, yakimeta kwa afya. Samadi ileile. Zizi lilelile.

"Hapo ndipo moyo wangu ulipogeuka," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii mikono yake inatulia. "Nilijiambia, kumbe. Kumbe ile nzuri kabaki nayo mwenyewe, mimi kaniletea kitu kingine."

Hakwenda kumuuliza. Alisubiri Alhamisi.

Alhamisi jumuiya ilikutana nyumbani kwa mwenyekiti wao, Mzee Damiano. Walisali rozari, wakasoma Injili, wakafika kwenye matangazo. Gertruda akasimama. Watu waliokuwapo wanasema walidhani anataka kuombewa.

"Kuna mtu humu alinipa zawadi," alisema. "Zawadi ile imeua bustani yangu. Kwake mahindi yanacheka."

Edina alikuwa amekaa karibu na mlango. "Mama Salvatory, unanisema mimi?"

"Sijataja jina."

"Basi taja."

"Ni wewe, Mama Eliza."

Mzee Damiano alianzisha sala ya kufunga, lakini waliomwitikia walikuwa wachache. Edina alichukua kitenge chake kilichokuwa mgongoni mwa kiti, akatoka bila kuaga.

Hakuna aliyetamka neno uchawi siku ile. Halikuhitajika kutamkwa.

Nilimkuta Edina nyumbani kwake, akikatakata majani ya ng'ombe. Ana miaka 52, anazungumza polepole, na swali la kwanza alilijibu baada ya kumaliza fungu lote lililokuwa mbele yake.

"Nilikuwa nauza lita tisa kwa siku. Baada ya ile Alhamisi, lita mbili," anasema. "Mama mmoja alikuwa ananunua maziwa kwa ajili ya mjukuu wake. Akaniambia mtoto ameyaacha. Siku ya pili namwona njiani na kidumu, anatoka kununua kwingine. Akamgeuza mtoto uso upande wa pili, asinitazame."

Anaweka panga chini.

"Mwisho nikaanza kujishuku mwenyewe. Nikasema labda dawa ya kuogeshea ng'ombe iliimwagikia samadi. Labda chumvi. Nilikwenda kwenye lundo nikachukua ile samadi nikaiweka ulimini. Nikaionja. Mtu mzima, mama wa watoto, nimechuchumaa naonja mavi ya ng'ombe nijue kama mimi ni muuaji."

Haikuwa na ladha yoyote ya ajabu.

Noeli ilipita wawili hao wakiwa kwenye mabenchi tofauti kanisani. Mwanzoni mwa Januari, bwana shamba wa kata, Kilian Hyera, alifika kwa Sixbert kuangalia kahawa. Sixbert, ambaye kwa wiki zote hizo alikuwa amenyamaza, alimshika mkono akampeleka nyuma ya nyumba.

Kilian aliinama, akakata tawi moja lililopinda, akaligeuzageuza. Gertruda akatokea jikoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Samadi hii ilitoka wapi?"

"Kwa mtu aliyetaka kunimaliza."

Hakubishana naye. Aliuliza kama imebaki. Ilikuwa imebaki gunia moja na nusu. Akaomba makopo sita, matatu akayajaza udongo mtupu, matatu udongo uliochanganywa na samadi ile. Katika kila kopo akapanda punje tatu za maharage na punje moja ya mahindi.

"Wiki tatu, mama," alimwambia. "Usimwambie mtu neno lingine mpaka nirudi."

Kwenye makopo ya udongo mtupu, kila kitu kiliota kikiwa kimenyooka. Kwenye makopo ya samadi, maharage yalitoka yakiwa yamesokotwa, majani yamejikunja kama vikombe, vilevile kama rasiberi. Lakini katikati ya maharage hayo yaliyolemaa, mche wa mahindi ulikuwa umesimama wima, wa kijani, hauna kasoro.

"Nilikaa nikilitazama lile kopo," anasema Gertruda. "Kopo moja. Udongo mmoja. Maharage yanakufa, mahindi yanacheka. Na aliyepanda ni bwana shamba mwenyewe, mbele yangu, hakuna mkono wa mtu mwingine."

Kilian aliuliza swali moja tu: ng'ombe wale walikula nini kiangazi?

Walivuka kijito watatu, Kilian, Sixbert na Gertruda, ambaye aliishia kwenye ua. Edina alieleza kutoka kibarazani. Nyasi zilikuwa haba, hivyo mwezi wa nane alinunua majani makavu yaliyoletwa na lori kutoka shamba moja upande wa Kitai. Kilian alipata namba ya mwenye shamba, akampigia palepale, simu ikiwa kwenye spika.

Mwenye shamba hakuficha. Mwezi wa tatu alipulizia malisho yake dawa ya kuua magugu ya majani mapana. Nyasi zilibaki, magugu yakafa, akavuna, akauza. Maandishi madogo kwenye kopo la dawa hakuyasoma, yalikuwa ya Kiingereza.

"Dawa za aina hiyo haziishii tumboni mwa ng'ombe," Kilian ananieleza. "Ng'ombe haugui, maziwa yanatoka kama kawaida, lakini dawa inatoka na kinyesi ikiwa bado na nguvu. Inaweza kukaa kwenye samadi zaidi ya mwaka. Mahindi ni jamii ya nyasi, hayaguswi. Maharage, nyanya, viazi mviringo, rasiberi, vyote vinakwisha."

Siku ile kibarazani, baada ya kumsikiliza, Edina aliuliza kwa sauti ndogo: "Na kahawa?"

Lundo lililobaki zizini, ambalo Novemba lilikuwa bado halijaiva, lilikuwa limeandaliwa kwa ajili ya miche yake michanga 340 ya kahawa. Vibarua walikuwa wameshaitwa kuisambaza Jumamosi ya wiki hiyo.

"Nilimwambia, mama, usitie hata kiganja," anakumbuka Kilian.

Edina alikaa chini ghafla, juu ya udongo, mikono kichwani. Kutoka kwenye ua, Gertruda alimwona.

"Nilitaka kukimbia nikamshike," anasema. "Mikono yangu nikaiogopa. Nikaona haina haki ya kumgusa."

Alhamisi iliyofuata alisimama tena kwa Mzee Damiano, wakati uleule wa matangazo. Wengi wanayakumbuka maneno yake.

"Nilisema uongo mbele yenu. Sikujua kuwa ni uongo, lakini niliusema kama mtu anayejua. Mama Eliza hakuniua. Nilimuua mimi, kwa mdomo, na ninyi mkanisaidia."

Kisha alifanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma. Alizunguka nyumba tisa zilizoacha kununua maziwa ya Edina, moja baada ya nyingine, akieleza habari ya dawa na kuonyesha lile kopo la maharage yaliyopinda. Wengine walimwambia kwamba wao hawakuacha kwa sababu hiyo. Aliwajibu kuwa kama ni hivyo, basi hakuna kinachowazuia kurudi.

Leo Edina anauza lita saba.

Udongo uliodhurika Gertruda aliuchota kwa koleo, akauhamishia kwenye mahindi kwa ushauri wa Kilian. Mashina kumi na matano yaliyosalimika yametoa machipukizi, na sasa bustani ina mashina 48. Samadi amepunguza. Badala yake anafukia vumbi la usipa, makombo yanayobaki chini ya magunia ya dagaa wa ziwani, ambalo wifi yake Ida humtumia kutoka Liuli, pamoja na majivu kidogo ya jikoni. Mara ya kwanza mbwa wa mtaa mzima walikuja kufukua. Sasa anafukia ndani zaidi na kuziba kwa matawi ya miiba.

Kilian anasema tangu Januari amejaribu samadi za kaya 23 katani na kukuta nne zenye tatizo kama hilo. Mbili zilikuwa zinasubiri kuingia kwenye maharage ya ngoro, yale mashamba ya mashimo yanayochimbwa kwenye miteremko ya milima.

Nilimuuliza Edina kama amesamehe. Aliokota panga, akalifuta kwa nyasi.

"Nilisamehe siku ileile. Aliongea ukweli, na bila matunda yake kufa, kahawa yangu yote ingekuwa imekwisha. Hilo nalijua. Lakini nikipita njiani watu wakinyamaza, bado nasikia lile jina langu anavyolitaja. Kwa hilo anipe muda."

Gertruda ana mpango. Mvua zikikolea anataka kugawa machipukizi ishirini na kuanzisha tuta la pili ng'ambo ya kijito, kwenye ardhi ya Edina, liwe la Edina, naye awe anamfundisha kupunguza matawi na kupika jamu. Ameshapeleka ombi. Hajajibiwa.

Nilipomuuliza tumaini lake ni nini, nilitarajia angezungumzia bustani. Alifuta udongo kwenye vidole.

"Zamani Mama Eliza alikuwa anaingilia mlango wa jikoni," alisema. "Habishi hodi. Anafunua sufuria, anaonja, ananiambia chumvi haitoshi, ndipo ananisalimia. Siku hizi anakuja, ndiyo. Anabisha hodi mlango wa mbele, anakaa kwenye kiti cha wageni, namletea chai kwenye sinia, anashukuru.

"Rasiberi zitaota tu. Mimi nataka aje anifunulie sufuria."