Bikoni Iliyotunzwa Mno

Katika ofisi ya upimaji ardhi, ambamo hata kikombe cha chai kilikuwa na mahali pake maalumu juu ya meza, alifanya kazi mpima mmoja ambaye wenzake walimwita Milimita. Jina hilo alipewa kwa dhihaka, naye akalipokea kama cheo. Neno “takriban” lilimkera kuliko tusi. Mkewe alipomwagiza kitambaa cha meza, aliipima meza, akaipima tena, kisha akarudi nyumbani mikono mitupu kwa kuwa muuzaji alikuwa akipima kwa mkono.

Kazi iliyokula umri wake ilikuwa kuchora ramani ya hatari ya mafuriko katika mitaa ya bondeni, iliyojengwa karibu na bahari na watu waliodhani kwamba bahari, kama wao, imeshapata kiwanja chake na imetulia. Ufuo uliokuwa ukimegwa na maji aliupaka rangi nyekundu, maana yake hama. Ufuo uliotulia aliupaka kijani, maana yake lala usingizi. Wa nyekundu hawakuhama. Wa kijani hawakujua kwamba wao ni wa kijani.

“Watu wanaitazama ramani yangu kama kalenda ya mwaka juzi,” alimlalamikia mkewe.

Mtu mmoja tu katika mtaa mzima aliiamini: mama mkwe wake. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho katika safu, imeielekea barabara na kuipa bahari mgongo. Aliitia ramani katika fremu ya kioo, akaitundika sebuleni mahali pa heshima, juu kidogo ya picha ya marehemu mumewe. Jirani alipomuuliza kama haogopi maji, alijibu: “Niogope nini, na mimi ni kijani?”

Basi mwaka huo ofisi ililetewa picha mpya zilizopigwa kutoka angani. Mkuu wa ofisi alimwagiza Milimita azilinganishe na ramani yake. Picha zilionyesha kwamba upande wa nyumba ya mama mkwe bahari ilikuwa imekwisha kuumeza uwanja wa mpira, na sasa ilikuwa ikinyemelea majiko ya watu. Milimita akacheka kwa pua. Vipimo vyake vilisema ufuo haukusogea hata kidole. Kila mwaka, kutoka kwenye bikoni, yaani ile nguzo fupi ya zege ambayo wapima huitegemea, hadi ukingo wa ufuo, zilikuwa mita kumi na mbili. Hazikupungua, hazikuzidi. Aliyepima na kuleta hesabu hiyo alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyeishi kwa mama yake na ambaye Milimita mwenyewe alimpatia kazi ya utunzaji wa bikoni.

“Nenda ukaone kwa macho yako,” mkuu akasema.

Akaenda, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akazungukia nyuma ya nyumba ile. Kwa kawaida alikaribishwa kwa mlango wa mbele, akapewa kiti, akaulizwa habari za watoto. Mkwe mwenye adabu hazururizururi uani kwa mama mkwe wake. Bikoni aliikuta. Ilisimama wima, imepakwa chokaa, safi kama jino jipya, tena imefungwa kamba ya kuanikia nguo. Kasoro yake ilikuwa moja: iliegemea ukuta wa jiko.

“Shemeji,” aliuliza kwa sauti ndogo, “hii bikoni imefikaje hapa?”

“Imehama.”

“Bikoni haihami!”

“Yenyewe haihami, shemeji. Mimi ndiye ninayeihamisha.” Shemeji alisema hayo kwa fahari ya mtu anayengoja kupongezwa. “Si mliniambia, kwa vyovyote vile, nisiiache ichukuliwe na maji? Basi bahari ikisogea, na mimi naisogeza. Wenzangu wa kule mbele wamepoteza bikoni zao zote. Mimi sijapoteza hata hii moja.”

“Na zile mita kumi na mbili?”

“Napima kwanza ndipo namwaga zege. Nakujua wewe, hupendi namba zinazorukaruka. Mwaka huu ndio nilikuwa nawaza, nikiisogeza tena itabidi iingie jikoni, na mama atanifukuza.”

Milimita akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikumbuka kwamba ofisi ilikwisha kumtunuku kijana huyo cheti cha mtunzaji bora, na kwamba sifa zile aliziandika yeye mwenyewe. Lakini lililomtia hofu halikuwa cheti. Bamvua kubwa ya mwaka, yale maji yanayojaa kupita kiasi, ilikuwa inakaribia pamoja na mvua, na mama mkwe alikuwa akilala chumba cha nyuma.

Akaingia sebuleni. “Mama, itabidi uhame.”

“Nani kasema?”

“Mimi, mama.”

Bibi akaelekeza kidevu ukutani. “Na aliyechora ile ni nani?”

“Ni mimi pia.”

“Basi nendeni mkapatane kwanza, wewe na yeye, halafu mje mnieleze.”

Alimweleza habari ya bikoni, ya uwanja uliozama na ya picha za angani. Kila alivyozidi kuiponda ramani yake, ndivyo mama mkwe alivyozidi kuitetea.

“Usijidharau, mwanangu. Kazi yako nzuri. Umechoka tu, huko ofisini wanakutumikisha kama punda.”

“Mama, nimekosea!”

“Ile ina muhuri. Mdomo wako hauna. Lete nyingine yenye muhuri, nitahama hata kwa miguu.”

Akarudi ofisini, akachora upya, akaipaka safu nzima nyekundu. Mkuu aliitazama kama mtu aliyewekewa nyoka mezani.

“Ukipaka nyekundu leo, nitaulizwa kwa nini jana ilikuwa kijani.”

“Kwa sababu tulikosea, mzee.”

“Hilo ndilo jibu nisilotaka kulitoa. Manjano naweza kukugongea muhuri sasa hivi. Nyekundu itangoja kikao.”

“Kikao ni lini?”

“Baada ya mvua.”

Milimita, ambaye katika maisha yake hakupata kukubali nusu ya kitu chochote, aliichukua manjano.

“Manjano maana yake nini?” mama mkwe aliuliza, akiupapasa muhuri kwa kidole.

“Hama, ila usikimbie.”

“Hiyo naiweza.”

Kabati lake lilipotoka mlangoni, majirani walisimama kutazama. Hawakuwahi kuisoma ramani, lakini kabati la bibi wa kijani lilisomeka na kila mtu. Jioni ile ile safu nzima ilianza kufunga mizigo.

Bamvua ikaja, ikalichukua jiko na chumba cha nyuma. Katika safu ile hapakuwa na mtu hata mmoja. Ofisi ilipata sifa. Mkuu alieleza mbele ya wageni kwamba rangi ya manjano ilichaguliwa kwa utaalamu wa hali ya juu.

Mama mkwe alikuwa sasa kwa binti yake, katika kiti alichokuwa akikipenda Milimita, na shemeji ameketi kando akila.

“Na hapa kwenu,” bibi aliuliza, “ni rangi gani?”

“Kijani, mama.”

“Aliyepima nani?”

“Mimi.”

Bibi akamtazama kwa jicho la kukagua. Katika miaka yote hakupata kumtazama hivyo.

“Kesho asubuhi tutapima tena,” akasema. “Wewe utasoma, mimi nitashika kamba. Na huyu shemeji yako asitoke ndani mpaka tumalize.”

“Sawa, mama,” Milimita akajibu, akaenda kuitafuta kamba.